Modemu na ruta: tafuta mpaka wake kabla hujanunua kifaa kipya

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha intaneti majumbani. Nikiitwa na mtu anayelalamika kwamba mtandao unasumbua, kabla sijagusa kitu namwomba anionyeshe waya unaoingia kutoka nje na mahali unapoishia. Wengi hunyoosha kidole kwenye kisanduku chenye antena na kusema, "Intaneti si ndiyo hii?" Kwa kutojua hilo tu, fedha za watu zinapotea bure. Mmoja ananunua ruta ya gharama kubwa wakati hitilafu iko kwenye laini ya nje. Mwingine anapandisha kifurushi wakati kasi anayoilipia inafika salama hadi sebuleni, kisha inakwama kwenye kuta mbili kabla ya kuingia chumbani.

Kila nyumba yenye intaneti ina mpaka: mahali ambapo mtandao wa mtoa huduma unaishia na mtandao wako unaanzia. Modemu inatazama nje, ruta inatazama ndani. Ukishajua mpaka huo uko wapi, unaweza kupima pale pale na kujua umwite nani, au ununue nini, au usinunue kitu kabisa. Mengine yote ninayoyaeleza hapa yanategemea hilo.

Modemu inafanya nini, ruta inafanya nini

Ishara zinazosafiri kwenye waya wa simu, kwenye kebo ya televisheni, kwenye uzi wa faiba au hewani kutoka mnarani si zile ambazo kompyuta inazielewa. Modemu huzipokea na kuzigeuza ziwe ethaneti, yaani zile za waya wa mtandao ambazo kompyuta inazielewa, na data yako inayotoka huigeuza iweze kusafiri kwenye laini. Kwa hiyo modemu lazima ilingane na laini. Ya waya wa simu haitafanya kazi kwenye faiba, hata iwe mpya namna gani. Na modemu tupu, isiyo na ruta ndani yake, kwa kawaida huhudumia kifaa kimoja tu: kile kilichochomekwa kwake.

Ruta haijali laini yako ni ya aina gani. Inapokea ethaneti kutoka kwa modemu na kuigawa kwa kila kifaa cha nyumbani. Kila simu, televisheni au kompyuta inapojiunga, ruta huipa anwani ya ndani, mara nyingi inayoanza na 192.168, au 10, au kati ya 172.16 na 172.31. Anwani hizi hazitambuliki nje kwenye intaneti. Nje, nyumba nzima inaonekana kwa anwani moja tu. Fikiria nyumba ya wapangaji wengi wanaotumia sanduku moja la barua: msimamizi anaandika nani alituma barua gani, jibu likija analipeleka kwenye chumba husika. Ruta inafanya kazi hiyo kwa kila pakiti ya data, na utaratibu wenyewe unaitwa NAT. Ulihitajika kwa sababu anwani za IP za mfumo wa zamani, IPv4, ni kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima. Mfumo mpya wa IPv6 una anwani nyingi mno kuliko hizo, lakini IPv4 bado inatumika karibu kila nyumba.

NAT ina faida moja ambayo watu hawaihesabu: mgeni wa nje akijaribu kuingia bila kuitwa, ruta haijui ampeleke kwa nani, basi inamwacha nje. Ukichomeka kompyuta moja kwa moja kwenye modemu tupu unaikosa kinga hiyo. Kwa kipimo cha dakika chache sawa, ila usiishi hivyo.

Wi-Fi ni kazi ya tatu. Ni redio tu, inayobeba mtandao wa ndani bila waya. Ruta inaweza kuwa haina Wi-Fi kabisa, na Wi-Fi inaweza kujaa alama zote juu ya skrini ya simu huku intaneti haipo. Alama zile zinapima nguvu ya ishara kati yako na ruta. Hazisemi lolote kuhusu laini ya nje.

Anzia ukutani

Sasa nyanyuka, ufuate waya kwa mkono kuanzia unapoingilia nyumbani.

Ukikuta waya mwembamba wenye kichwa kidogo cha plastiki kama cha simu ya mezani, hiyo ni DSL, intaneti ya waya wa simu. Kasi yake inategemea sana urefu wa waya wa shaba kutoka kwenye kituo cha mtoa huduma hadi kwako, na hakuna ruta itakayobadilisha hilo. Kama kuna simu ya mezani kwenye laini hiyo hiyo, iwekewe kichujio, la sivyo utakuwa unakatika kila simu ikilia.

Ukikuta kebo nene ya duara yenye sindano katikati na kichwa cha kukaza kwa kuzungusha, hiyo ni kebo ya televisheni. Ikaze kwa vidole mpaka isitikisike, kwani kichwa kilicholegea ni chanzo cha kukatikakatika kusikoeleweka. Tazama pia kama kuna kigawanyishi njiani. Kile cha matawi mawili kinapunguza ishara kwa takriban desibeli 3.5 kila tawi, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yake. Kigawanyishi kisicho na kazi kitoe.

Faiba utaitambua kwa uzi mwembamba wenye kichwa cha mraba cha kijani au cha bluu, unaoingia kwenye kisanduku kilichoandikwa ONT au ONU. Hicho ndicho kinachofanya kazi ya modemu. Uzi huu ni kioo ndani, kwa hiyo usiukunje kona kali wala kuubana mlangoni. Usiuchomoe ukaangalia ncha yake: mwanga unaopita humo hauonekani kwa macho lakini unaweza kuyadhuru. Kichwa cha kijani kimekatwa kwa mshazari na cha bluu hakikukatwa hivyo, basi usiviunganishe viwili hivyo hata kama vinaingiana.

Na kama hakuna waya wowote, tafuta kadi ya simu (SIM) iliyochomekwa kwenye kifaa, ya 4G au 5G, au dishi juu ya paa.

Baada ya hapo hesabu visanduku. Kama ni viwili, kile kinachopokea laini ya nje ni modemu, na kile chenye antena ni ruta. Waya mfupi wa ethaneti unaoviunganisha ndio mpaka wenyewe, ule ninaousema tangu mwanzo. Kama ni kimoja chenye laini ya nje, matundu kadhaa ya LAN (ya vifaa vya ndani) na Wi-Fi, basi una modemu na ruta ndani ya kasha moja. Vifaa vya aina hiyo vimeenea sana na havina ubaya, ila mpaka wake umejificha ndani.

Kuunganisha visanduku viwili

Nyuma ya ruta kuna tundu moja lililotengwa, mara nyingi kwa rangi tofauti, limeandikwa WAN (upande wa nje) au Internet. Waya kutoka kwa modemu unaingia hapo. Matundu ya LAN ni ya vifaa vyako. Kosa ninalolikuta zaidi kuliko yote ni waya wa modemu kuchomekwa kwenye LAN: Wi-Fi inaonekana, simu inajiunga, lakini intaneti haipatikani, au inapatikana kwa vifaa vingine na vingine vinakosa. Kama upande wa pili ni kasha lenye ruta ndani, hapo nyumba inakuwa na wagawaji wawili wa anwani wanaopingana.

Utaratibu wa kuwasha una maana yake. Zima vyote viwili. Subiri kama dakika moja. Washa modemu peke yake, uiache mpaka taa zake zitulie, na hii inaweza kuchukua dakika kadhaa. Ndipo uwashe ruta. Ukianza na ruta, inaomba anwani kutoka kwa modemu ambayo bado haijaamka. Ukibadilisha ruta, modemu nayo lazima uizime na kuiwasha, hasa ile ya kebo, kwa sababu nyingi hukumbuka kifaa cha kwanza zilichokiona na kukikataa kingine.

Tumia adapta ya umeme iliyokuja na kifaa chenyewe. Adapta za volti 9 na volti 12 mara nyingi zina kichwa kinachofanana, na mtu akizibadilisha bila kusoma maandishi, ya volti 9 kwenye kifaa cha 12 itakifanya kijizime na kujiwasha ovyo, na ya 12 kwenye kifaa cha 9 inaweza kukiunguza. Mimi huandika jina la kifaa kwenye kila adapta kwa kalamu isiyofutika.

Mipangilio: fungua kivinjari kwenye kifaa kilichojiunga na ruta, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1, au anwani iliyobandikwa chini ya ruta. Badilisha nywila ya kuingilia ukurasa huo, ambayo si ile ya Wi-Fi. Chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 kama una vifaa vya zamani. Zima WPS, ile njia ya kujiunga kwa kitufe au namba fupi. Wageni wafungulie mtandao wao wa pembeni kama ruta inaruhusu. Sasisha programu ya ndani ya ruta. Basi, hapo inatosha.

Kama mtoa huduma wako anatumia PPPoE, yaani njia ya kuunganika kwa jina na nywila, kutakuwa na jina na nywila ndani ya mipangilio ya WAN. Yaandike kwenye karatasi leo. Kubonyeza kitufe kidogo cha RESET kwa sindano kunafuta kila kitu, pamoja na hayo, na hapo hupati intaneti mpaka uyapate upya. Kuzima na kuwasha ni jambo jingine kabisa, halifuti chochote. Naomba sana watu wasivichanganye viwili hivi, hasa usiku ambapo hakuna wa kupokea simu upande wa mtoa huduma.

Ruta mbili zikiwa moja nyuma ya nyingine

Hali hii inakuja pale mtu anaponunua ruta yake na kuichomeka kwenye kasha la mtoa huduma ambalo nalo ni ruta. Intaneti inafanya kazi, kwa hiyo hashtuki. Baadaye kamera ya nyumbani haionekani akiwa mbali, michezo ya mtandaoni inalalamika, na printa iliyojiunga na kasha la kwanza haionwi na kompyuta iliyo kwenye la pili.

Kagua hivi: ndani ya ukurasa wa ruta yako tafuta anwani ya WAN. Ikiwa inaanza na 192.168, karibu hakika kuna ruta nyingine mbele yake. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuliweka kasha la mtoa huduma katika hali ya daraja (bridge), libaki modemu tupu, na ruta yako ifanye kazi yote. Ya pili ni kuiweka ruta yako katika hali ya kituo cha Wi-Fi (access point), iache kugawa anwani, kasha la kwanza liendelee kutawala. Mimi hupendelea ya pili kwa mtu asiyetaka kuhangaika, kwa sababu simu ya huduma kwa wateja ikijibiwa, yule fundi wa upande wa pili anakuta kasha lake likiwa kama alivyoliacha.

Anwani ya WAN ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma mwenyewe anatumia NAT kwake, wateja wengi kwa anwani moja. Hiyo huwezi kuitibu nyumbani. Kama unahitaji kuifikia kamera yako kutoka nje, mwombe anwani ya umma.

Kupima kwenye mpaka

Hapa nitakawia, kwa sababu ndipo pesa yako inapookolewa.

Chukua kompyuta, izimie Wi-Fi, uichomeke kwa waya wa ethaneti kwenye LAN ya ruta. Vifaa vingine vyote vitoke mtandaoni kwa dakika chache. Pima kasi. Kisha fananisha na kifurushi, ukikumbuka kwamba vifurushi huuzwa kwa megabiti ilhali kompyuta huonyesha upakuaji kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kifurushi cha 100 kikikupakulia faili kwa megabaiti 12 kwa sekunde, unapata haki yako yote. Nimekutana na watu waliogombana na mtoa huduma miezi mizima kwa ajili ya hesabu hiyo moja.

Kwa waya ukapata kasi kamili, laini ya nje na modemu ni nzima, na tatizo liko kwenye Wi-Fi. Usimpigie mtoa huduma, hana la kukufanyia.

Kwa waya kasi ikawa ndogo, sogea hatua moja: chomoa waya wa WAN kwenye ruta, uuchomeke kwenye kompyuta, zima na washa modemu, upime tena. Ikipanda, ruta ndiyo inayobana. Ikibaki chini, tatizo liko nje ya mpaka, na sasa una ushahidi. Ila kwenye laini ya PPPoE kompyuta itahitaji lile jina na nywila ili iunganike, na kwenye kasha moja hatua hii haipo, unaishia kwenye LAN.

Kuna namba moja ya kuitilia shaka. Kama una kifurushi kikubwa na kila ukipima kwa waya unagota kwenye 94 au 95, kuna kiungo njiani kinachofanya kazi kwa megabiti 100. Ama tundu la ruta ni la zamani, au waya una kasoro. Ethaneti ya gigabiti moja inatumia jozi zote nne za nyuzi ndani ya waya, lakini ile ya megabiti 100 inatosheka na mbili, kwa hiyo uzi mmoja ukikatika kwenye kichwa, vifaa vinaweza kushuka kimya kimya hadi 100. Badilisha waya kwanza, weka ulioandikwa Cat5e au zaidi. Huo unabeba gigabiti moja hadi mita 100.

Taa nazo zinasema. Kwenye faiba, taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki: uzi umekatika, umekunjwa au umechomoka. Kwenye mtandao wa faiba wa GPON, ukurasa wa ONT mara nyingi huonyesha nguvu ya mwanga unaoingia, na ikiwa chini ya -27 dBm ni hafifu mno hata kama taa bado ni ya kijani. Kwenye DSL, taa ya laini ikipepesa bila kutulia, modemu bado inatafuta mwenzake upande wa pili. Na kompyuta ikijipa anwani inayoanza na 169.254, imeomba anwani na hakuna aliyeijibu: angalia waya, kisha angalia kama ruta inagawa anwani.

Tatizo likiwa Wi-Fi

Ruta nyingi zina redio mbili. Ya gigahezi 2.4 inafika mbali na kupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni ya polepole na imejaa: majirani wote wamo, na oveni ya maikrowevu hufanya kazi karibu na masafa hayo hayo. Ya gigahezi 5 ni ya haraka na hukata tamaa mapema kwenye kuta. Televisheni na kompyuta zilizo karibu ziweke kwenye 5, vifaa vidogo vya mbali viache kwenye 2.4. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Kabla ya kununua chochote, hamisha ruta. Iweke katikati ya nyumba, juu, mahali pa wazi. Nazikuta ndani ya kabati, nyuma ya televisheni, nyuma ya kioo, kando ya tangi la samaki. Chuma, kioo cha kujitazamia na maji vyote vinaua mawimbi ya redio. Waya mrefu wa kuifikisha ruta katikati ni rahisi kuliko kifaa chochote cha kuongeza nguvu.

Virudufishi vile vya kuchomeka ukutani vinapokea na kutuma tena kwa hewa ile ile, na vile vinavyotumia redio moja hupunguza kasi kwa kama nusu. Ukivitumia, viweke katikati ya njia ambapo ishara bado ni nzuri, si kwenye chumba chenye shida. Nyumba kubwa inastahili kituo cha pili cha Wi-Fi kilichounganishwa na ruta kwa waya. Hilo ndilo ninalolifunga kila ninapopewa nafasi ya kuchagua, na watu hao hawanipigii tena.

Ruta mpya inafaa kununuliwa pale iliyopo inapokuwa na matundu ya megabiti 100 huku kifurushi kimezidi hapo, au haina gigahezi 5, au haina hata WPA2, au mtengenezaji ameacha kuisasisha. Hakikisha ina tundu la WAN la ethaneti na itaendana na karibu modemu yoyote. Modemu ni tofauti: usiinunue kabla ya kumwuliza mtoa huduma ni aina gani anazozikubali, maana asipoisajili kwenye mfumo wake itabaki imewaka tu bila kuunganika.

Ikibidi kumpigia, mwambie mambo haya kwa mpangilio huu: aina ya laini, taa za modemu zilivyo sasa hivi, kasi uliyoipata kwa waya, saa uliyopima, na kwamba umeshajaribu bila ruta. Fundi wa zamu akisikia hayo hatakuambia tena uzime na kuwasha. Ataangalia laini yako kwenye kompyuta yake, na akiona hitilafu atapanga mtu aje.